Pikipiki ya safari ndefu na mke nyuma
Mkuu nimekusoma, Dar mpaka Iringa na shemeji nyuma, unawaza Boxer 150 au ujibane upate Honda CB500X ya mtumba. Boxer itafika, ila na abiria plus mabegi, ule mlima mkali wa Kitonga kabla ya Iringa utapanda kwa gia ndogo malori yako nyuma yako, na kuovateki pale huna nguvu, hatari sana aisee. Jibane tu uchukue Honda, cc zake 471 zinatosha kabisa. Kabla hujalipa mpandishe shemeji mzunguke hata saa zima, siti ikimuumiza achana nayo. Shoksi ya nyuma ikazwe kwa uzito wenu, upepo wa tairi pia, helmeti yake nzima ya kufunika uso. Fremu, cheni na breki akague fundi anayezijua pikipiki kubwa, na kama shemeji ana shida ya mgongo amuone daktari kwanza.