Tarehe inayobadilika adhuhuri

SWALI: Ndugu Mhariri, ninavaa saa ya mkono isiyotumia betri, niliyoachiwa na baba mkubwa. Ilisimama nikiwa safarini Kinshasa, na niliporudi niliitia ufunguo na kurekebisha mishale. Tangu hapo tarehe hubadilika saa sita mchana, na baada ya 30 Juni ilionyesha 31. Je, imeharibika?
Msomaji, Kampemba, Lubumbashi

JIBU: Ndugu msomaji, saa yako ni nzima. Mtambo wa tarehe hautambui mchana wala usiku, bali huhesabu mizunguko tu. Chini ya uso wa saa, gurudumu linalobeba mshale mfupi huzunguka mara moja kila baada ya saa 12, nalo huendesha gurudumu jingine la taratibu zaidi, linalomaliza mzunguko wake kwa saa 24. Gurudumu hili la pili lina kidole kidogo ambacho, mara moja kwa siku, hukuta jino la pete iliyoandikwa namba 1 hadi 31 na kuisukuma hatua moja, huku springi nyembamba ikijibana kati ya meno ili pete isiteleze na namba itulie kwenye kidirisha. Ulipoweka mishale baada ya safari, uliiacha nyuma au mbele kwa nusu siku, jambo ambalo uso wenye namba 12 tu hauwezi kukuonyesha.

Vuta kifundo cha pembeni hadi mwisho, zungusha mishale kwenda mbele mpaka tarehe igeuke, na ujue kwamba hapo ndipo saa sita usiku. Kisha endelea mbele hadi wakati uliopo, ukipita namba 12 mara moja zaidi ikiwa ni alasiri.

Ikiwa saa yako ina nafasi ya katikati ya kurekebisha tarehe peke yake, usiitumie nafasi hiyo wakati mishale inapoonyesha kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Katika saa nyingi kidole huwa kimeshika jino la pete muda huo, na ukiilazimisha pete, jino au kidole huweza kuvunjika. Kwa maoni yangu, kosa hili ndilo la kuogopwa kuliko yote, maana kipuri cha saa ya zamani si rahisi kupatikana. Sogeza kwanza mishale hadi asubuhi, mshale mfupi ukielekea namba 6.

Kuhusu 31 Juni, pete ina meno 31 kwa kila mwezi, hivyo itakubidi uirekebishe mara tano kwa mwaka: baada ya Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba. Mwaka 1996 watengenezaji wa saa wa Uswisi, Patek Philippe, walitoa saa ya mkono inayohitaji marekebisho mwishoni mwa Februari tu. Zipo pia zinazofuata hata miaka mirefu, yaani yenye Februari ya siku 29, lakini nyingi kati ya hizo zitakosea 1 Machi 2100, kwa kuwa mwaka huo unagawanyika kwa 4 na bado hautakuwa mrefu.