Heshima za kijeshi katika mazishi ya rubani Mwislamu

SWALI: Assalamu alaykum, shekhe. Naandika kutoka Mumias. Kaka yetu alikuwa rubani wa helikopta katika Jeshi la Anga, na alifariki ndege yao ilipoanguka ikawaka moto. Kwa kuwa mwili uliungua vibaya, hatukumwosha. Jeshi lilileta bendera na tarumbeta, wakapiga risasi hewani, na baadhi ya wazee wakasema yote hayo ni haramu. Je, tulikosea? Je, yeye ni shahidi? Tena mama ameitundika ovaroli yake ya urubani nyuma ya mlango, hataki ifuliwe, na kila alfajiri huinusa akalia. Je, huko ni kuomboleza kulikokatazwa?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yenu na awape subira, hasa mama.

Katika hadithi ya Jabir bin Atik iliyopokewa na Imamu Malik na Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) aliwataja mashahidi saba wasiokuwa waliouawa vitani, na miongoni mwao yumo aliyekufa kwa kuungua moto. Kwa hiyo twamtarajia kaka yenu daraja hiyo, bila ya kumkatia hukumu mtu ambaye sasa yuko mikononi mwa Mola wake. Lakini shahidi wa namna hii ni shahidi wa Akhera. Hapa duniani hukumu zake ni zile zile za maiti wengine, yaani huoshwa, hukafiniwa na huswaliwa, kinyume cha yule aliyeuawa katika uwanja wa vita, na watu wengi huchanganya hapo wakamzika mtu bila kumwosha kwa kudhani kwamba wanamtukuza.

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku, maiti aliyeungua hata ikahofiwa kwamba maji yatamchambua nyama haoshwi bali hutayamamishwa: mwoshaji hupiga viganja vyake juu ya udongo safi, akampangusa uso na mikono. Ikiwa nanyi hamkufanya hivyo kwa kutojua, ombeni maghufira wala msifukue kaburi, kwani mwili wa hali ile uliokwisha kukaa ardhini hautafutwi tena. Na ikiwa hakuswaliwa, nendeni mkamswalie hapo kaburini, kama Mtume alivyomswalia yule mwanamke aliyekuwa akiufagia msikiti wake.

Ama bendera juu ya jeneza, ni kitambaa na ni desturi ya nchi; sioni ubaya wake maadamu inaondolewa kabla ya kuteremshwa kaburini, wala haiingizwi katika ibada. Tarumbeta na risasi sizipendi karibu na kaburi, ambapo sunna ni utulivu na dua, lakini siwezi kusema kwamba familia iliyokubali ilitenda haramu. Mngeweza kumwomba mkuu wa kikosi afanye gwaride lake uwanjani, kisha jeneza likabidhiwe kwa imamu, na maofisa hao kwa kawaida ni wasikivu wakielezwa mapema. Ninachokikataa ni kumweka maiti mochari wiki nzima ili ratiba ya wakubwa ikamilike. Jenerali Francis Ogolla, rubani na Mkuu wa Majeshi ya Kenya, aliyefariki pamoja na wenzake 9 helikopta ilipoanguka Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024, hakuwa wa dini yetu, lakini aliusia azikwe ndani ya saa 72, na tarehe 21 alikuwa amekwisha kuzikwa kwao Alego, Siaya, kwa heshima zote za kijeshi. Kumbe inawezekana.

Kuhusu mama, nitamweleza habari za Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, aliyeuawa katika vita vya Muuta mwaka wa 8 Hijria baada ya kukatwa mikono yote miwili, akapewa na Mola wake mbawa mbili za kurukia Peponi. Siku ile mkewe, Asmaa, alikuwa amekanda unga, amewaosha wanawe na kuwapaka mafuta. Mtume akaingia, akataka aletewe watoto hao, akawanusa, macho yakamtoka machozi. Kisha akaamuru familia ya Jaafar ipikiwe chakula, maana wamefikwa na la kuwashughulisha (nasi siku hizi wafiwa ndio wanaochinja ng'ombe na kukodi viti!). Miaka ilipopita, sahaba Ibn Umar alipokuwa akimsalimu mwana wa Jaafar humwita mwana wa mwenye mbawa mbili. Mkiwa na watoto wa marehemu hapo nyumbani, watajieni baba yao kwa namna hiyo.

Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu, kurarua nguo na kulaumu kadari. Mama kuacha mapambo kwa ajili ya mwanawe kusizidi siku tatu, na eda ya miezi minne na siku kumi ni ya mjane peke yake, isipokuwa akiwa na mimba, ambapo huisha kwa kujifungua. Machozi hayana mwisho uliowekwa. Ila ulizeni kikosini kama ovaroli ile ni mali ya jeshi, na ikiwa ilikuwa ya marehemu, basi imo katika mirathi, na warithi wenziwe wamridhie mama. Wakiridhia, iacheni pale mlangoni.

Wallahu aalam.