Barua kwa mwanangu: Kichwa hakiguswi usiku

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hofu, kwa sababu hukuzoea kuniandikia kurasa nzima, na mara ya pili kwa kicheko. Unasema umeota mvi tisa, zote juu ya sikio la kushoto, kwamba zimetokea usiku mmoja kwa sababu ya cheo kipya ulichopewa kazini, na kwamba unataka nikujibu kwa neno moja tu: upake rangi au uache. Unasema pia umeniuliza mimi kwa kuwa nywele za mama yako zingali nyeusi na hawezi kuwa shahidi wa jambo hili, na hilo ni kweli, maana yeye mwenyewe hulisema kila wiki bila kuulizwa.

Neno moja sina. Au tuseme ninalo, lakini nitajitahidi nisilitamke.

Kwanza nikitetee cheo chako, kwa sababu hakina hatia. Unywele ukishatoka nje ya ngozi ni kitu kisicho na uhai, kama ncha ya ukucha, na haupokei tena habari zozote za mwilini wala za ofisini. Rangi yake hutiwa chini ya ngozi, mzizini, wakati unywele ungali unaundwa, na seli zinazoitia rangi hiyo zikipungua au zikiacha kazi, unywele unaofuata hutoka mweupe. Nywele za kichwani huota karibu sentimita moja kwa mwezi. Umeniandikia kwamba mvi uliyoing'oa ilikuwa na urefu wa kidole chako cha shahada. Basi pima kidole, uhesabu kurudi nyuma, utakuta kwamba mvi hiyo ilianza safari yake miezi saba hivi iliyopita, siku zile ulipokuwa ukinilalamikia kwamba hawataki kukupandisha cheo. Hata kile kisa cha Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, ambaye husimuliwa kwamba nywele zake ziligeuka nyeupe usiku wa kuamkia kukatwa kichwa mwaka 1793, hakiwezi kuwa kweli namna kinavyosimuliwa. Na usizing'oe hizo nane zilizobaki. Si kweli kwamba ukiing'oa moja zitaota mbili, ila kwenye kitundu kile kile itarudi mvi nyingine, na ukizidi kuvuta unaweza kukiharibu kitundu chenyewe.

Ukitafuta wa kumlaumu, anza na babu yako, kisha uje kwangu. Mimi niliota mvi ya kwanza nikiwa na miaka 26. Madaktari huziita mvi kuwa za mapema kwa watu wenye asili ya Afrika zinapotokea kabla ya miaka 30, kwa Waasia kabla ya 25, na kwa Wazungu kabla ya 20, kwa hiyo wewe, mwenye miaka 34, huna haki ya kuitwa mwathirika. Umenizidi miaka minane ya kichwa cheusi, na hukunishukuru.

Sasa nikupe habari ambayo hukuiuliza. Umeuliza kama upake, nami ninachoweza kukijibu kwa uhakika ni kwa nini mimi niliacha kupaka. Najua utashtuka, kwa sababu hukujua kwamba niliwahi kuanza.

Ulikuwa na miaka tisa, mimi nikiwa na 36. Nilikuja kukuchukua shuleni, na mwalimu mgeni aliyekuwa langoni akakugeukia akasema kwa upole kabisa, "Haya, nenda, babu yako amefika." Neno lake halikuniumiza. Alikuwa ameona kichwa cheupe, akafanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya. Nilikutazama wewe, nikingoja umsahihishe, wewe ambaye wakati ule ulikuwa ukimsahihisha kila mtu nyumbani hata juu ya namna ya kumenya yai. Hukumsahihisha. Uliinama ukafunga kamba za viatu vyako, polepole, kisha ukanishika mkono tukaondoka, na njia nzima ukanisimulia habari za mtihani wa hesabu. Mama yako huapa kwamba viatu vyako vya mwaka ule havikuwa na kamba bali vilikuwa vya bizimu, na inawezekana sehemu hiyo nimejitungia mwenyewe katika miaka hii yote. Kunyamaza kwako sikukutunga.

Nimekutetea mara nyingi ndani ya nafsi yangu. Huenda hukusikia, au hukuona haja ya kubishana na mtu mzima. Na hata kama ulisikia ukaona aibu, aibu ya mtoto wa miaka tisa haina uzito wa kubebwa miaka 25. Nayasema hayo yote, ninayakubali, kisha nakumbuka zile kamba. Tafadhali usinijibu kuhusu hili utakapoandika tena.

Wiki hiyo nilinunua pakiti yangu ya kwanza ya rangi nyeusi, na kwa miaka 13 nilipaka kila wiki ya tano, usiku, ninyi mkiwa mmelala, kwa sababu baada ya wiki tatu hivi ule mstari mweupe wa mizizi ulianza kuonekana kwenye paji la uso, na kufikia wiki ya tano ulikuwa ukinisengenya waziwazi. Pakiti niliificha kwenye kisanduku cha misumari, chini ya koleo. Nikuambie ukweli ambao wanaume wa umri wangu hawaupendi: nilifurahi. Siku mbili tatu za kwanza baada ya kupaka nilitembea nikiwa nimenyoosha mgongo, na nilipokuja kukuchukua shuleni nilisimama pale pale langoni, karibu na mwalimu yule yule, nikiwa na kichwa kama kinyago kilichopakwa rangi ya viatu. Hakusema kitu. Nahisi alidhani babu amemtuma mwanawe.

Sasa ile picha ya mahafali yako. Unaijua: wewe katikati na joho lako, mama yako kulia, na kushoto yuko shangazi yako, amesimama mahali ambapo ningesimama mimi. Uliambiwa nimeitwa safari ya ghafla ya kikazi. Hapakuwa na safari. Nilikuwa nyumbani kwa baba yako mdogo, kwenye chumba cha wageni, mapazia yamefungwa, macho yamevimba hadi kope zimekutana, na kitambaa cha maji baridi usoni.

Mahafali yalikuwa Jumamosi. Alhamisi usiku nilitaka kupaka mara moja kichwa na ndevu, ili picha ile, ambayo nilijua itakaa ukutani kuliko sisi sote, initoe kijana. Mara ya mwisho nilikuwa nimewashwa kidogo nyuma ya masikio na sikujali. Maelezo ya pakiti yalisema rangi ijaribiwe kwanza kwa tone dogo kwenye ngozi, mtu angoje saa 48, na mimi nilikuwa nimebakiwa na saa 36. Taa ya bafuni ilikuwa hafifu, nami sikutaka kuwasha nyingine nikamwamsha mama yako. Nikapaka, nikaketi kwenye kiti cha jikoni kungoja dakika 30 zilizoandikwa, nikasinzia, nikazinduka baada ya saa mbili na nusu. Ijumaa mchana kichwa kilikuwa kinawaka moto. Jumamosi asubuhi mama yako aliwasha taa ya chumbani, akanitazama, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu akakosa la kusema.

Daktari alinieleza mambo ambayo ningeyajua miaka 13 kabla kama ningeuliza mchana, mbele ya watu. Rangi nyingi za kudumu zilizo nyeusi hutegemea kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwenye pakiti huandikwa kwa herufi tatu, PPD. Huchanganywa na peroksidi ya hidrojeni, na mara nyingi amonia huongezwa ili kufungua magamba ya unywele, hivyo rangi ikaungana ndani ya unywele wenyewe, nayo ndiyo sababu haitoki kwa kuoga. Watu wengi huitumia maisha yao yote bila tatizo. Lakini mwili wa mtu mwingine huizoea vibaya: unaivumilia mara ya kumi, ya hamsini, halafu siku moja unaikataa, na ukishaikataa hausahau. Nilimwambia kwamba basi nitahamia kwenye hina nyeusi, akatikisa kichwa. Hina halisi huacha rangi ya wekundu au hudhurungi tu, na ile inayouzwa ikiwa nyeusi tititi, au piko, mara nyingi imetiwa kemikali hiyo hiyo.

Uvimbe ulipokwisha nilinyoa kichwa na ndevu, nikarudi nyumbani, nawe ukanitania kwamba safari imeninyoa. Nilicheka pamoja nawe. Nywele zilipoanza kurudi zilirudi nyeupe, nami nikaziacha, na hapo ndipo ulipoanza kunisikia nikisema kichwa hakiguswi usiku, maneno ambayo umeyafanyia mzaha kwa miaka 12 kila nilipokukataza kukata nywele au kufumua misuko jioni. Sasa umejua yalikotoka. Nayarudia: kichwa hakiguswi usiku. Mtu akiwa na jambo la kufanyia kichwa chake, alifanye asubuhi, kwenye mwanga, akiwa ameshiba na hana haraka ya kwenda kokote.

Utasema basi nimekujibu uache. Sijasema hivyo. Nimeliwaza jambo hili kwa muda mrefu na bado najipinga mwenyewe. Nikisema kupaka rangi ni kudanganya, najiuliza kwa nini kunyoa ndevu si kudanganya, na kwa nini sikuona uongo katika meno ya bandia ya babu yako, ambayo sote tuliyapongeza. Farao Ramses wa Pili alifariki akiwa mzee wa karibu miaka 90, na maiti yake iliyohifadhiwa ilikutwa na nywele zilizotiwa rangi ya hina. Mtu huyo hakuwa na haja tena ya kumpendeza yeyote, na bado kuna aliyeona afadhali asizikwe na mvi. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba ni upuuzi wa siku hizi. Kisha nageuka upande wa pili nakumbuka kile kisanduku cha misumari. Kama kupaka kulikuwa halali kama kunyoa, kwa nini wembe wangu ulikaa wazi kwenye beseni na rangi yangu ikakaa chini ya koleo? Pengine kosa halikuwa kwenye rangi. Pengine, kama ningepaka mbele yenu, mkanicheka, na wewe ukanishikia kioo, ningejaribu tone lile kwa wakati wake, na shangazi yako angesimama pembeni kabisa ya picha. Lakini hapo nitakuwa nimesema upake, na sikukusudia.

Nadhani linalonisumbua ni kwamba hukuniambia nani amekusemesha. Mtu hahesabu mvi tisa juu ya sikio moja bila mwingine kuzinyoshea kidole. Kama ni kioo chako tu kilichokuonyesha, sina la kuongeza, paka au acha, vyote ni sawa. Kama kuna mtu hapo ofisini aliyekutazama kichwa akatabasamu, basi nina maoni makali sana, nami nitayafunga mdomoni kwa sababu wewe ni mtu mzima na kichwa ni chako. Nitasema tu kwamba mimi nilimpakia mwalimu wa lango kwa miaka 13, na sidhani kama yeye alinikumbuka hata wiki moja.

Ukiamua kupaka, zipo rangi zisizodumu, ambazo hukaa juu ya unywele na hufifia kwa kuoshwa, na kwa mvi tisa zinatosha. Hata hizo zijaribu kwanza nyuma ya sikio au kwenye kiwiko, ungoje saa 48 kamili, usihesabu 36. Usidhani utadhurika kwa kuwa mimi nilidhurika, maana mwili wangu si wako, ila ukiwashwa hata kidogo, ioshe na usiirudie. Ukiamua kuacha, nitafurahi kuwa na mwenzangu kwenye picha. Hapo nadhani nimeteleza. Futa sentensi hiyo.

Mama yako asijue kwamba nimekusimulia habari za chumba cha wageni. Kwa miaka 12 amekuwa akiitunza ile safari yangu ya kikazi vizuri kuliko mimi, na hata mji niliokwenda aliuchagua yeye. Na kabla hujafungua pakiti yoyote, ipige picha upande wa nyuma, pale penye maandishi madogo, unitumie. Miwani yangu mpya inasoma herufi ndogo sana.

Baba yako