Maswali na majibu: Damu ya mbuzi wangu ilikwenda wapi?

Safari hii wasomaji wengi hawakuniuliza juu ya homa wala minyoo. Wameuliza juu ya chuo chenyewe: sisi tunaofundisha udaktari wa mifugo tunafanya nini, na kwa ajili ya nani. Naanza na aliyenichoma zaidi.

Shikamoo daktari. Miaka miwili iliyopita wanafunzi wa chuo walichukua damu ya mbuzi wangu 12, wakaandika jina langu, wakaondoka. Mpaka leo kimya. Huo utafiti ni kwa faida ya nani? – Mfugaji wa mbuzi

Marahaba. Hukutendewa haki, nami sina utetezi, kwa sababu niliwahi kufanya vivyo hivyo. Nikiwa mtafiti kijana nilizunguka mazizi nikikusanya sampuli, nikaandika tasnifu, nikapata shahada. Mzee mmoja alinishikia ndama wake asubuhi nzima na hakupata hata karatasi moja. Niliporudi baada ya miaka alikuwa ameshauza ng'ombe wote. Tangu siku hiyo, mwanafunzi wangu haniletei tasnifu bila orodha ya wafugaji aliowarudishia majibu.

Damu ya namna hiyo huachwa igande, kisha maji yanayojitenga juu hupimwa kuona kama mnyama amewahi kukutana na ugonjwa fulani. Mara nyingi kwa mbuzi hutafutwa brusela, inayomfanya atupe mimba na kumpa binadamu homa ya muda mrefu kupitia maziwa mabichi. Jibu kama hilo si la kukaa kabatini. Wapo watoto wanaokunywa hayo maziwa. Kwa hiyo andika au piga simu kwenye idara husika, taja mwezi na mwaka, dai majibu yako. Na akija mwingine na sindano, muulize anapima nini, kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kufanya utafiti huo, kiko wapi, na majibu utayapata lini. Akibabaika, una haki ya kumkatalia.

Usiache kabisa kutufungulia zizi, lakini. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na Marekani walikuwa wakivuja damu mpaka kufa baada ya kukatwa pembe au kuhasiwa tu. Frank Schofield, wa Ontario Veterinary College, alionyesha kwamba walikuwa wamelishwa majani makavu ya klova tamu, mmea wa malisho, yaliyoota ukungu. Sumu yenyewe ilikuwa bado fumbo. Februari 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alisafiri karibu kilomita 300 katika dhoruba ya theluji, amebeba mtamba aliyekufa, kopo la maziwa lenye damu isiyoganda, na mzigo wa majani hayo. Akafika kwenye maabara ya mkemia Karl Paul Link. Wenzake Link waliitenga ile sumu mwaka 1939, na kutokana nayo ikatengenezwa warfarin, kwanza ya kuulia panya, kisha, miaka ya 1950, dawa ya watu ambao damu yao huganda ndani ya mishipa. Wagonjwa wa moyo wanaimeza hadi leo. Kila mwaka nawasimulia wanafunzi habari hii, na kila mwaka nawauliza: yule mfugaji angekuta mlango umefungwa?

Binti yangu anataka kusoma tiba ya mifugo. Mbona miaka ni mingi hivyo, mitano au sita? – Mzazi

Kwa sababu mgonjwa wake leo anacheua, kesho ana mabawa. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Farasi hawezi kutapika, ndiyo maana msokoto wa tumbo humuua upesi. Paracetamol unayomeza wewe kwa kichwa humuua paka. Na hakuna hata mmoja atakayemwambia panapouma. Mwache asome, mama au baba. Ila kwanza mpeleke akashuhudie ng'ombe anayezalishwa usiku, ajue anachokichagua.

Ni kweli mnaua wanyama wazima ili wanafunzi wajifunzie? – Mwanafunzi wa sekondari

Zamani ilikuwa kawaida. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch waliweka kanuni tatu zinazoongoza kazi hii hadi sasa: tumia kisicho mnyama inapowezekana, punguza idadi, punguza maumivu. Vyuo vingi vina sanamu za kujifunzia kushona na kutoboa mshipa, na miili ya wanyama waliokufa kwa maradhi ambayo wenye mifugo wameitoa. Mimi naamini mkono uliozoea kwanza sanamu huingia kwa mnyama hai bila papara.

Kwa nini chuo kinachanja mbwa bure wakati watu wenyewe hawana dawa? – Msomaji mwenye hasira

Hiyo chanjo ni dawa ya watu. Karibu asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia. Tunarudi kila mwaka kwa kuwa watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka. Nasi tunajifunza: wanaoleta mbwa kwenye kamba ni watoto, kwa hiyo siku ya shule foleni huwa fupi. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kuku wangu wanakufa. Nitume picha? – Mfugaji wa kuku

Picha haitoshi. Leta aliyekufa leo, amefungwa kwenye mifuko miwili, amewekwa mahali pa baridi lakini asigande kwa barafu, pamoja na mmoja mgonjwa aliye hai. Osha mikono. Ila kwa ng'ombe, mbuzi au kondoo aliyekufa ghafla huku damu ikitoka puani, mdomoni au mkunduni, usimpasue, usimchune, usimlete. Hicho huenda ni kimeta, na vijidudu vyake vikimwagika hukaa udongoni miaka mingi. Mfunike, zuia mbwa, tuite, tutakuja sisi.