Bolti iliyo kwenye droo

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kwa nini pesa za marehemu baba yenu zisijenge ukumbi wenye jina lake pale chuoni, watu wakauona, badala ya "kumwagwa" kwenye ada za watoto tusiowajua. Hilo neno la kumwagwa nimelimeza tu, maana najua bado una uchungu.

Ukija, fungua droo ya meza yake. Kuna bolti nene yenye kutu, na nati imekwama kwenye meno ya mwanzo. Siku zake za mwanzo karakanani alihangaika nayo asubuhi nzima. Ilizunguka mara mbili, ikagoma. Fundi mmoja mzee, asiye na cheti hata kimoja, akapitisha ukucha kwenye meno akamwambia: "Hii ni Whitworth, pembe ya meno yake ni nyuzi 55. Nati yako ni ya milimita, nyuzi 60. Hata ukeshe haiingii." Mwenye digrii alikuwa baba yenu! Alikisimulia kisa hicho mpaka uzeeni, akijicheka.

Joseph Whitworth mwenyewe alikuwa mhandisi Mwingereza. Enzi hizo kila karakana ilichonga bolti kwa kipimo chake. Mwaka 1841 yeye akapendekeza kipimo kimoja kwa wote. Mwaka 1868 akaanzisha ufadhili wa masomo kwa vijana wa uhandisi, akitaka wanaojua nadharia na wenye mikono iliyozoea kazi. Alifariki mwaka 1887, na ufadhili huo unatolewa mpaka leo. Baba yenu aliniambia habari hizo huku ameshika bolti ile, nami ndipo nilipopata wazo hili la mfuko wa ufadhili.

Sasa hesabu. Hakuna kinachomwagwa. Mtaji unawekezwa na hauguswi. Katika kila 100, zinatoka 4 tu kwa mwaka. Faida ikizidi hapo, ziada inarudi kwenye mtaji, kwa kuwa ada hupanda na miaka mibaya haikosi kuja. Kweli, tutaanza na mwanafunzi mmoja, pengine wawili. Sina haraka. Ukumbi nao unadai rangi na paa kila baada ya muda, na sijasikia nani kati yenu angelipia.

Kaka yako anataka sharti la alama za juu kabisa. Nimemkatalia. Wenye alama hizo hugombewa na wafadhili. Mimi namtaka aliyefaulu vizuri, lakini amewahi kujipaka grisi. Na pesa isiishie kwenye ada: inunue buti, kikokotoo, ilipe nauli ya mafunzo kwa vitendo. Wapo wanaolipiwa ada yote halafu wanakwama kwenye nauli.

Jambo moja tu sijadili: kuchagua ni kazi ya kamati ya chuo, sisi tukae mbali. Shangazi yako ameshaniletea jina la mtu, na hati yenyewe hatujaitia sahihi.

Sahihi zetu sote zinatakiwa kabla ya mwezi kuisha. Ukija, beba spana kubwa na mafuta ya kulainisha kutu. Nati ile nimejaribu kuitoa mara mbili, nimeshindwa.

Mama yako