Soma Riwaya na Historia kwa Jozi

Kila nikikaa na watu wanaojua kwamba napenda vitabu, hakosi mmoja wa kuniambia kuwa riwaya hasomi, anataka kitu cha kumfundisha. Na hakosi mwingine wa kusema historia inamchosha, yeye anataka hadithi. Wote wawili nawajibu jambo moja: msisome kimoja kimoja, someni kwa jozi. Chukua riwaya, kisha tafuta kitabu cha mambo yaliyotokea kweli kinachogusa mahali pale pale, zama zile zile, au donda lile lile. Visome kwa kufuatana, kabla cha kwanza hakijapoa kichwani.

Sababu yangu ni hii. Mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe huchagua la kusema na la kuruka. Ana jina la kulinda na ana wajukuu watakaosoma. Mtunzi wa riwaya hana jina la mtu la kulinda, kwa hiyo huingia vyumba ambavyo mwenye wasifu angevifunga. Lakini mtunzi naye ana hatari yake, maana utamu wake unaweza kukufanya udhani nchi nzima ilikuwa kama nyumba ile moja aliyoibuni. Ukiwasoma wote wawili, kila mmoja anakuwa shahidi anayemhoji mwenzake.

Jozi ya kwanza iliyonishika ni *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah na maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyoyasimulia mwenyewe. *Peponi* ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 tukaipata kwa Kiswahili, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis. Habari zenyewe ni za Yusuf, mtoto anayeondoka kwao akiwa katika mwaka wake wa kumi na mbili, akifuatana na tajiri anayemwita Ami Aziz. Anadhani anakwenda kutembea. Ukweli ni kwamba baba yake ana deni, na mtoto ndiye rehani.

Sasa fungua simulizi ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Naye anaanza habari zake akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, akifuatana na jamaa zake katika safari za karibu kufanya biashara ya sandarusi. Watoto wawili wa umri mmoja, katika ulimwengu mmoja wa misafara. Mmoja ni mwana wa wenye mali, mwingine ni mali yenyewe. Nilipoliona hilo nilikiweka kitabu chini, nikasimama, nikazunguka chumbani, maana hakuna mwalimu wa historia aliyewahi kunionyesha biashara ile kwa ukaribu namna hiyo.

Tippu Tip ni msimulizi hodari, na hilo sitaki kumnyima. Kiswahili chake kinakwenda mbio, hakina mapambo. Anapiga vita, anafunga mikataba, anakutana na Wazungu waliokuja kutembea bara, na pembe za ndovu anazihesabu kwa frasila, kipimo cha karibu kilo 16. Lakini msome ukiwa na penseli, na kila anapotaja mzigo jiulize aliyeubeba ni nani. Wapagazi wamo kila mahali katika safari zake, ila ni kama hawana nyuso. Watu waliotekwa wanapita katika sentensi kama bidhaa nyingine yoyote. Hapo ndipo Gurnah anapokufaa, kwa sababu yeye kamera yake ameiweka chini, kwenye usawa wa macho ya mtoto anayelala barazani mwa duka la bwana wake. Na Gurnah hakumfanya Aziz kuwa jini. Ni mtu mpole, msafi, ananukia vizuri, na upole huo ndio unaotisha, kwa sababu unaona jinsi utumwa ulivyoweza kuishi nyumba moja na adabu.

Ukitaka kuongeza cha tatu, tafuta *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mna harusi, mazishi, uganga, safari za bara, mambo ya waungwana na watumwa. Usikisome mfululizo kama riwaya. Kiweke karibu, ufungue sura inayohusiana na unachosoma.

Jozi ya pili ni *Kuli* ya Adam Shafi na kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972, enzi ambazo Rodney alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi huanza Rodney wakaishia kurasa za mwanzo, wakakiweka kabatini pamoja na heshima zote. Ushauri wangu ni kuanza na *Kuli*. Mfuate Rashidi hadi bandarini Unguja, uingie naye kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948, usikie uzito wa gunia na ujira mdogo unaolipwa mchana ukaisha kabla ya usiku. Ukitoka hapo, hoja za Rodney kuhusu mali inayotoka Afrika ikiwa ghafi na faida inayobaki kwingine hazitakuwa tena hoja za darasani. Nitasema pia kwamba kwangu *Kuli* si kazi bora ya Adam Shafi. *Vuta N'kuvute* imeipita kwa mbali katika kuwajenga watu, hasa Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza. Lakini kwa kumfungulia mtu mlango wa Rodney, sijaona kitabu kinachoizidi *Kuli*.

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi na Azimio la Arusha, tamko la siasa ya Ujamaa Tanzania, ni jozi fupi na kali. Azimio ni kijitabu cha kumaliza jioni moja, nalo liliandikwa kwa lugha safi ambayo viongozi wa leo wangefaa kujifunza. Lisome lote, kisha ingia *Dunia Uwanja wa Fujo* ya mwaka 1975, uone siasa ile inamfikiaje Tumaini, kijana aliyetapanya ujana wake na baadaye akawa na mali ya kupoteza. Sitaki kukusimulia mwisho wake. Ninachosema ni kwamba usisome moja ukaacha jingine. Aliyesoma Azimio peke yake anaweza kuamini kwamba kila aliyelipinga alikuwa mnyonyaji, na aliyesoma riwaya peke yake anaweza kusahau dhuluma iliyofanya Azimio likahitajika. Kama Kezilahabi ni mgeni kwako, *Nagona* na *Mzingile* viache kwanza. Ni vitabu vizuri sana, lakini vinamtaka msomaji aliyekwisha kumzoea.

Kwa upande wa viongozi, nimefaidika kuwasoma Mzee Mwinyi na Mzee Mkapa kwa pamoja. Mkapa alitoa kumbukumbu zake kwa Kiingereza mwaka 2019, na Mwinyi akatoa *Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu* kwa Kiswahili mwaka 2021. Mwinyi alikuwa rais, Mkapa waziri wake, kisha akampokea kiti. Mambo yale yale yanaonekana kutoka ncha mbili za meza. Katika vitabu vya namna hii mimi huzisoma polepole sura za utotoni na masomo, kwa sababu hapo mwandishi hajaanza kujitetea. Sura za madarakani huzisoma kwa swali moja: ni jambo gani nililolijua kwa magazeti ambalo hapa limepewa aya moja tu?

Sasa niseme kuhusu vitabu vya mafanikio na pesa, kwa kuwa ndivyo vinavyouzwa zaidi pembezoni mwa barabara na ndivyo vijana wengi wanavyoanza navyo kusoma. Siwakatazi. *Rich Dad Poor Dad* ya Robert Kiyosaki imewafanya watu wengi ninaowajua waanze kuandika matumizi yao, na hilo ni jema. Ila kitabu kile kinapokwambia kwamba nyumba unayoishi si rasilimali, kumbuka kinasema kutoka Marekani, ambako mtu wa kawaida hununua nyumba kwa mkopo wa benki wa miaka mingi na kila mwezi anakatwa. Mtu wa Mbagala anayejenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, bati likipatikana, hana mkopo huo. Nyumba yake inamwondolea kodi na ndiyo bima ya uzee wake. Ushauri uliotungwa kwa hali nyingine usiuhamishe mzima mzima. Kitabu cha namna hiyo mimi nakioanisha na *Utubora Mkulima* cha Shaaban Robert, habari za mtu anayeacha kazi ya mjini yenye mshahara akaenda kulima. Utubora ana wema uliokamilika mno, na kuna kurasa ambazo maadili yanaizidi hadithi, lakini anauliza swali ambalo vitabu vya mafanikio havitaki kulikaribia: kiasi gani kinatosha?

Shaaban Robert huyo huyo tumemwonea sana shuleni. Tulisomeshwa *Kusadikika* kwa ajili ya maswali ya mtihani, dhamira ngapi, tamathali zipi, na wengi hawakuishika tena baada ya hapo. Irudie ukiwa mtu mzima, bila mwongozo. Karama anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na utetezi wake wote ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje na kurudi na maarifa, wakafungwa badala ya kushukuriwa. Kitabu kilitoka mwaka 1951, chini ya ukoloni. Kisha fungua *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, ambaye serikali ya Kenya huru ilimfunga kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka aliouita *Kenya: Twendapi?*, na ambaye aliyaandika mashairi hayo gerezani kwenye karatasi za chooni. Nakiri kwamba mashairi si riwaya wala si historia. Lakini ukitoka kwa Karama ukaenda kwa Abdilatif, unatoka kwenye mfano na kufika kwenye mwili wa mtu.

Jozi ninayoipenda kuliko zote, na ambayo sioni watu wakiizungumza vya kutosha, ni *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed na *Wanawake Watatu wa Kiswahili*, kilichokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kutoka kwa Kiswahili mwaka 1991. Katika *Utengano*, Maimuna analelewa ndani kama mfungwa na baba yake, Bwana Maksuudi, mtu wa heshima mbele za watu. Siku mlango unapofunguka, dunia ya nje inampokea kwa ukatili wake yenyewe. Ni riwaya yenye hasira ya haki. Lakini ni mwanamume anayeandika, na wanawake wake wengi wako katika hali mbili, kufungiwa au kupotea.

Kitabu cha pili ni sauti za wanawake wa Mombasa wenyewe: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy, wakieleza maisha yao kwa vinywa vyao. Mna ndoa na talaka, mna kumbukumbu za utumwa ndani ya nyumba za watu, mna ngoma za lelemama na mashindano yake. Wanawake hawa hawakufungiwa tu wala hawakupotea. Walipanga mambo, walishindana, waliongoza wenzao, walicheka. Nilimsomea mama yangu sehemu za kitabu hiki. Baada ya kurasa chache alinikatiza, akaanza kunieleza harusi yake, nani alimpamba, nani alinuna, wimbo gani uliimbwa kumsuta shangazi mmoja. Habari hizo hakuwahi kunipa. Tangu siku hiyo nikimsomea huwa na daftari pembeni.

Kwa hiyo ukiniuliza cha kufanya wiki hii: kama kusoma kumekushinda kwa muda mrefu, usianze na jozi. Chukua mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika *Kisima cha Giningi* cha Muhammed Said Abdulla, kikupe tena hamu ya kufunua ukurasa. Kama hamu unayo na pesa huna, ingia Maktaba Kuu, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, ama maktaba ya mkoa wako, uulize kwa jina la mwandishi badala ya kuzunguka kwenye rafu. Mkiwa wawili, rafiki au mke na mume, nunueni kila mmoja kitabu kimoja cha jozi mkibadilishane. Gharama inagawanyika na mazungumzo yanapatikana. Na kama una mama, bibi au nyanya aliye hai, anza na *Wanawake Watatu*, na umsomee kwa sauti.