Barua kwa mwanangu: uliniuliza nilijuaje kama niliwasaidia

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza iliniuma, sitakuficha. Mara ya pili nikaona kwamba umeniuliza jambo ambalo wakubwa wangu kazini hawakuwahi kuniuliza kwa miaka 31. Umeandika: "Mama, umezunguka nyumba za watu maisha yako yote kama afisa ustawi wa jamii. Ulijuaje kama uliwasaidia kweli?" Ukaongeza kwamba una mafaili 60 mezani, kwamba mwenzako wa tatu ameacha kazi mwaka huu, na kwamba umepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya utafiti, ila unaona haya kuwaacha watu wenye shida ukakae na takwimu.

Jibu langu ni kwamba kwa walio wengi sikujua. Faili likifungwa nililirudisha masijala nikachukua jingine. Nilichobaki nacho ni shukrani. Akina mama walinishika mikono wakalia, wazee waliniombea dua, na mimi nikazichukua dua zile kuwa ndiyo tathmini ya kazi yangu.

Nilikuwa mtu mzima kazini nilipokijua kisa cha Cambridge na Somerville, miji miwili ya Massachusetts, Marekani. Mwaka 1939, mradi uliobuniwa na daktari Richard Cabot ulianza kuwahudumia wavulana wadogo walioonekana kuwa hatarini kuingia kwenye uhalifu. Wavulana walipangwa wawili wawili, waliofanana umri, tabia na hali ya nyumbani. Kisha sarafu ikarushwa, mmoja akapewa msaada na mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Waliobaki katika hesabu ni 506, nusu kwa nusu. Waliosaidiwa walitembelewa nyumbani takriban mara mbili kwa mwezi, kwa zaidi ya miaka mitano. Walifundishwa masomo yaliyowashinda, walipelekwa kwa madaktari, na wengine walipelekwa kwenye kambi za likizo. Ni kazi ile ile niliyoifanya mimi na unayoifanya wewe, tena wao walikuwa na muda ambao sisi hatukuupata.

Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord akawatafuta wavulana wale, sasa wakiwa wanaume wa makamo. Alichapisha matokeo mwaka 1978. Katika mengi aliyoyapima, hakupata jambo ambalo waliosaidiwa waliwazidi wenzao kwa wema. Walionyesha zaidi dalili za ulevi na za maradhi makubwa ya akili. Waliokufa, walikufa wakiwa na umri mdogo zaidi. Na kati ya waliowahi kutenda kosa, wale waliosaidiwa ndio walioelekea zaidi kulirudia.

Hapo hapo, theluthi mbili ya waliosaidiwa walimwambia kwamba mradi ule uliwafaa.

Niliposoma sentensi hiyo nilikiweka kitabu chini. Niliwakumbuka wote walionishika mikono. Sisemi walinidanganya, wala wanaume wale hawakudanganya. Mtu aliyepewa saa ya mwenzake, akasikilizwa, hukumbuka kusikilizwa na kushukuru, na shukrani yake ni ya kweli. Ila hana namna ya kujua maisha yake yangekuwaje bila wewe. Hata wewe huna. Ndiyo maana ya sarafu ile: ilimwacha pacha wa kumlinganisha naye.

Kwa nini msaada uligeuka madhara? McCord alifikiri huenda wavulana walizoea kutegemea watu ambao siku moja waliondoka, au waliahidiwa dunia ambayo hawakuikuta. Baadaye yeye na wenzake waliyatazama tena majalada yale wakaona kwamba madhara yalijikusanya hasa kwa wavulana waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja, kwa maana ya kukusanywa pamoja na wenzao wenye matatizo, kila mmoja akamfunza mwenzake. Hakuna mhudumu aliyekusudia hilo. Na pasingekuwa na aliyerudi kuuliza, mradi ule ungebaki katika historia kama mfano mwema wa kuigwa.

Najua baadhi ya wenzetu huchukizwa na habari ya kugawa watu kwa sarafu. Mimi nami nilichukizwa. Lakini fikiria: nafasi zinapokuwa 20 na wahitaji 50, tayari tunachagua. Tunachagua kwa foleni, kwa nani anamjua nani, kwa mama anayejua kujieleza. Kwangu mimi sarafu ni ya haki kuliko hayo, mradi watu waelezwe na waridhie.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Kulikuwa na ndugu wawili niliowatoa nyumbani kwao, na familia ya malezi ya kambo ya kuwachukua wote wawili haikupatikana. Niliwatenganisha. Mkubwa alikuwa na miaka tisa. Nilimwambia nitakuja Alhamisi kumpeleka akamwone mdogo wake. Jumatano nikapewa barua ya uhamisho. Nilimkabidhi mwenzangu faili, nikaandika vizuri kila kitu, ila ile Alhamisi sikuiandika, kwa kuwa fomu haikuwa na mahali pa kuandika ahadi. Miaka kumi na kitu ikapita, kijana akanisimamisha njiani. Alikuwa yeye. Hakunilaumu kwa kumtoa nyumbani, alisema hata hakumbuki vizuri siku ile. Alichokumbuka ni Alhamisi, na kwamba baada yangu walikuja maafisa wanne, na kila mmoja alimwanzishia maswali yale yale tangu mwanzo. Wa tatu alipofika, alisema, aliacha kujibu.

Kwa hiyo unaponiambia mwenzako wa tatu ameondoka, mimi namfikiria kwanza mtoto aliyekuwa akimsubiri.

Suala hilo limechunguzwa. Kuna utafiti wa Milwaukee, Marekani, wa watoto walioingia katika uangalizi wa serikali kuanzia mwaka 2003 hadi Septemba 2004. Ripoti yake iliandika kwamba miongoni mwa waliokuwa na afisa mmoja tu, asilimia 74.5 walipata makazi ya kudumu, ama kwa kurudishwa kwao au kwa kuasiliwa. Waliokuwa na maafisa wawili, asilimia 17.5. Waliofikia maafisa sita au saba, asilimia 0.1. Nilizipenda takwimu hizo. Nilizipeleka kwenye vikao, nikazisoma kwa sauti, nikadai tuongezewe watumishi.

Kisha kijana mmoja aliyekuwa mafunzoni kwetu akaniuliza kwa adabu: "Mama, lakini mtoto anayekaa muda mrefu si ndiye atakayekutana na maafisa wengi?" Nikanyamaza. Kweli, mtoto mwenye shida nyepesi hurudi kwao mapema, kabla afisa wake hajapata hata nafasi ya kuacha kazi. Mwenye shida nzito hubaki, na kadiri anavyobaki ndivyo maafisa wanavyopita. Yaani huenda kuondoka kwa maafisa ndiko kulikowachelewesha watoto, au kuchelewa ndiko kulikowaongezea maafisa, au yote mawili. Takwimu zile peke yake haziwezi kuyatenganisha. Mimi bado naamini kuondoka kwetu kunaumiza, kwa ajili ya Alhamisi ile. Lakini imani yangu haimpi mtoto afisa wa kudumu, na hoja inayotetewa kwa takwimu yenye tundu hubomoka mara tundu likionekana. Hiyo ndiyo sababu sitaki uone haya kwenda kusoma. Tunahitaji mtu aliyeshika mafaili 60 kwa mikono yake, na ambaye pia angemjibu yule kijana.

Kuhusu uchovu wako. Christina Maslach, aliyeutafiti uchovu wa kazi kwa miaka mingi, aliugawa katika mambo matatu: kuishiwa nguvu za moyo, kuanza kuwaona watu kama vitu, na kuona kwamba kazi yako haina matunda. Hilo la pili ndilo nakuomba ulichunge. Siku utakayojisikia ukisema "ile kesi ya ghorofa ya pili" badala ya kumtaja mtu, ujue umefika. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliuweka uchovu huo kama jambo la kazini, halikuuita ugonjwa. Kwangu hilo ni zito, maana linaelekeza macho kwenye meza yenye mafaili 60 badala ya kumwelekezea kidole aliyekaa nyuma yake. Mafunzo ya kutuliza akili ni mema, nawe usiyakatae. Hayapunguzi faili hata moja.

Na makaratasi ndiyo yale yale kila mahali. Mwaka 2011 Profesa Eileen Munro aliikagua kazi ya kulinda watoto Uingereza, akaona kwamba kanuni zilizoongezwa kila baada ya msiba zilikuwa zimewafanya maafisa waangalie kama fomu imejazwa kwa wakati kuliko kama mtoto amenufaika. Kila kanuni iliwekwa kwa nia njema. Zilipokusanyika zikala muda wa kukaa na mtoto.

Umeniuliza pia kuhusu programu ya kompyuta mnayotaka kuletewa, ya kuipa kila familia alama ya hatari. Mfano unaojadiliwa zaidi ni wa Allegheny, kaunti ya Pittsburgh, Marekani, iliyoanza kuitumia mwaka 2016: simu ya taarifa ikiingia, programu inapekua kumbukumbu za serikali na kutoa alama kati ya 1 na 20. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba alama hizo zikiachwa ziamue zenyewe zingepeleka kwenye uchunguzi sehemu kubwa zaidi ya watoto weusi kuliko ya watoto weupe, na kwamba wapokea simu hawakukubaliana nazo takriban mara moja katika kila mara tatu. Mimi ningeanza kwa kuuliza kumbukumbu zile ni za nani. Aliyewahi kuomba msaada wa serikali, aliyetibiwa ulevi katika kituo cha umma, yumo. Tajiri aliyemlipa daktari wake faraghani hayumo. Mashine inamjua maskini kwa sababu maskini ndiye aliyeandikwa. Usiikatae kwa hofu tu, maana na sisi tuna upendeleo wetu, tena hauandikwi popote ukaweza kukaguliwa. Ila dai wakupe haki ya kuipinga alama na kuandika sababu, na mtu wa kuzisoma sababu hizo.

Nikupe na linalonipa matumaini. Mwaka 1988 huko New Zealand ilitolewa ripoti iitwayo Puao-te-Ata-Tu, iliyobeba malalamiko ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kwamba serikali ilikuwa ikichukua watoto wao bila kuzisikiliza koo zao. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria: kabla ya kuamua, ukoo uitwe, uelezwe tatizo, kisha maafisa watoke nje ili ukoo ujadili peke yake na kuleta mpango wake. Maafisa watoke nje! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tulikuwa tumezoea kuhesabu kunguni wa vitanda vya wengine. Njia hiyo ikaenea nchi nyingi kwa sababu iliwagusa watu, ingawa ushahidi wake ulikuwa na mabishano. Mwishowe Uingereza ikaijaribu kwa kugawa familia kwa bahati nasibu, na matokeo yaliyotoka mwaka 2023 yalikuwa haya: baada ya miezi 12, watoto wa familia zilizopewa nafasi ya kikao hicho walioingia katika uangalizi wa serikali walikuwa asilimia 36.2, na wa familia ambazo hazikupewa, asilimia 44.8. Utafiti wa nchi moja si ruhusa ya kunakili kila mahali. Lakini tazama njia iliyopitia: walioumizwa walisema, wakasikilizwa, kisha ikapimwa bila kuoneana haya.

Basi nenda kasome. Ukiweza, omba ubaki na familia chache, hata tano, ili usisahau harufu ya nyumba unazoziandikia. Na unapomwomba mtu unayemhudumia akubali kushiriki katika utafiti, kumbuka kwamba wewe ndiye unayesaini msaada wake, hivyo "ndiyo" yake inaweza kuwa ya woga. Mtume mtu mwingine akaombe, na mtu huyo amwambie wazi kwamba akikataa hatapoteza chochote.

Ukifika huko wakikuuliza unataka kuchunguza nini, nina swali moja nimekuwa nalo tangu nilipokutana na yule kijana njiani. Afisa anapoondoka, mtoto huambiwa nini, na nani, siku gani? Je, ahadi zilizobaki huandikwa mahali? Na ofisi ikizikabidhi ahadi kama inavyokabidhi mafaili, je, mtoto wa afisa wa pili huendelea kujibu maswali?

Kabla hujaondoka hapo kazini, kaa na mafaili yako 60, jioni moja moja, uandike pembeni ya kila moja ulichoahidi. Atakayekupokea umsomee kwa mdomo.

Nakupenda,
Mama yako